Swali la Mzee wa Baraza

Mimi nina mdomo. Watu wa Hasamba wanalijua hilo, na hapa Tunduma nilikohamia wamelijua ndani ya wiki moja, tangu nilipomvaa dalali mmoja wa kapenta, dagaa wale wakavu, aliyetaka kunipimia kwa kopo lililobonyea. Nimeshagombana na bwana shamba, na wachungaji wawili, na mwenyekiti wa kijiji katikati ya mkutano wake mwenyewe. Lakini kuna siku moja, Machi 2017, mahakamani Vwawa, mama mmoja mzee wa baraza aliniuliza swali fupi, na mdomo huu huu ukatoa neno moja tu, nalo likawa la uongo. Neno hilo nusura limnyonge mdogo wangu wa tumbo moja. Nalisimulia leo kwa sababu nimechoka kulimeza.

Mdogo wangu anaitwa Osea. Tulizaliwa sita, tukabaki wawili. Mama alipokuwa kitandani siku zake za mwisho alinishika mkono akasema, "Miriamu, huyu usimwache." Hakusema zaidi, na hakuwa na haja ya kusema. Osea alikuwa na miaka kumi na tisa, na ugonjwa ulikuwa umeshamwanza.

Ulimwanza akiwa kidato cha tatu. Alianza kusikia watu wanazungumza ndani ya ukuta, wanamtaja jina. Akawa halali, hali, anatembea mpaka barabara kuu na kurudi. Tulimpeleka kuombewa, tukampeleka kwa waganga wa bondeni Momba, tukarudi na chale na hirizi na sauti zile zile. Mwishowe, baada ya miaka kama kumi, nesi mmoja tuliyesali naye Mbozi Mission alituambia twende hospitali, Vwawa, tusipoteze muda. Wakampa sindano. Sindano moja kila mwezi, basi, Osea akawa Osea. Alilima kahawa kuliko wanaume wote wa pale kwetu. Alikuwa na utani, mpole, akipita njiani watoto wanamfuata.

Kwa majirani tulisema ana vidonda vya tumbo. Nani angebisha? Nusu ya Mbozi ina vidonda vya tumbo.

Mtaniona mwovu, lakini ngoja niwaambie kwa nini tulificha. Kwetu barua ya posa ikishaingia nyumbani, upande wa mwanaume hutuma watu kuuchunguza ukoo. Hawaulizi binti anasoma Biblia au hasomi. Wanauliza: kuna kifafa kule? Kuna kifua kikuu? Kuna vichaa? Wanauliza kisimani, wanauliza mashineni, wanauliza kanisani baada ya ibada. Wakisikia kuna mmoja, barua inarudi, na binti anabaki nyumbani anapika chakula cha wadogo zake mpaka mvi zinamtoka. Mimi nilikuwa na binti mmoja, Edina. Baba yake alivuka mpaka hapa Tunduma na mzigo wa mchele, akavuka mazima, kwa hiyo tuliishi nyumbani kwa marehemu baba yangu, na mwanaume wa nyumba alikuwa Osea.

Mwaka 2015 posa ya Edina ikaja. Kijana anaitwa Brayson, karani wa kampuni moja ya kutoa malori mpakani, kijana mtulivu, sina neno naye. Nilifurahi mpaka nilipoambiwa mama yake ni nani. Mama yake, Conjesta, alikuwa anauza maandazi langoni pa hospitali ile ile ya Vwawa. Loo! Nilikaa chini kwenye kizingiti kama mtu aliyepigwa.

Kliniki ya akili ilikuwa Jumanne ya kwanza ya mwezi, na wagonjwa wake walikaa kwenye benchi lao peke yao, kando ya uzio. Kutoka kwenye benchi hadi kwenye karai la maandazi la Conjesta hazikuzidi hatua kumi.

Nilimfuata Osea shambani akiwa anapalilia mibuni.

"Mwezi huu usiende kliniki," nikamwambia.

Akasimamisha jembe. "Dada, tarehe ikipita huwa naanza kusikia."

"Utasikia nini? Ni mwezi mmoja tu. Mama mkwe wa Edina anakaa pale langoni anahesabu watu. Mahari ikishapokelewa utachoma hata mbili kwa siku moja."

Akacheka. Jamani, alicheka! Akasema, "Mbili zitanilaza wiki nzima," akaendelea kupalilia. Alinitii kwa sababu mimi ndiye niliyemfulia, niliyemlisha, niliyekesha naye. Angemtii nani mwingine?

Mwezi mmoja ukawa mitatu, maana wakwe waliahirisha, kwanza kwa msiba, halafu kwa safari ya Brayson. Mtaniuliza kwa nini nisimpeleke Mbeya ambako hawatujui. Nauli tulikuwa nayo. Ni kwamba nilimwangalia nikaona mzima. Anakula, analala, anataniana na watu. Nikaanza kujiambia labda amepona, labda hata hizo sindano tulikuwa tunamchosha bure. Ujinga wangu wote umo hapo.

Siku ya mahari Osea alikaa kwenye kiti cha mjomba, amevaa koti la marehemu baba, akazungumza kwa mpangilio mpaka wakwe wakatikisa vichwa. Conjesta mwenyewe alininong'oneza, "Mjomba wenu ana busara." Nilijisikia raha ambayo sijawahi kuisikia tena.

Wiki tatu baadaye, Julai, kahawa imeiva, Mzee Jastin alikuja asubuhi kuazima mashine yetu ya kumenyea. Mzee Jastin alikuwa jirani, mzee wa kanisa, mtu ambaye alikuwa anamletea Osea viazi vitamu kwa sababu tu Osea anavipenda. Alibisha hodi kama siku zote, akapitiliza mpaka nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa mbele napepeta maharage. Nikasikia kitu kinapiga, mara tatu, halafu kimya. Nilipozunguka nyumba, Osea alikuwa amekaa chini kando ya mzee, mpini wa jembe umelala pembeni, na kofia ya mzee ameipakata.

"Ameacha kuongea, dada," akaniambia. "Sasa wote wameacha."

Sitaki kusema zaidi kuhusu asubuhi ile.

Osea aliwaeleza polisi yote, na wao wakaandika kama alivyosema: kwamba Mzee Jastin aliingia amevaa sauti ya marehemu mama yetu, kwamba sauti ilikuwa inatoka kwenye mashine pia, na ilimwambia usiku huo atazikwa yeye badala ya mama. Mtu yeyote mwenye masikio angesikia kwamba haya si maneno ya mtu mwenye akili zake. Sisi tuliosikia kwa miaka kumi na minane ndio tuliojitia uziwi.

Baba mdogo Mika, aliyekuwa mkubwa wa ukoo, alituita. Tulikuwa watano. Alisema hivi, na naapa wakati ule lilisikika kama jambo la akili kabisa: "Mtu akipelekwa gerezani kwa kuua bila kukusudia, anafungwa miaka saba, minane, anatoka, anarudi. Mtu mahakama ikimwita kichaa anapelekwa hospitali ya vichaa Dodoma, na huko harudi mtu. Nani kati yenu amewahi kumwona aliyerudi?" Tukatazamana. Hakuna aliyewahi kumwona. "Basi Osea alikuwa na hasira. Waligombana kwa ajili ya mashine. Huyo ndiye tutakayemrudisha nyumbani. Na huyu binti yetu ana harusi Oktoba."

Kadi ya kliniki nikaizika ndani ya debe la mahindi. Harusi ikafungwa. Nilicheza, ndiyo, nilicheza, mdogo wangu akiwa mahabusu.

Serikali ilimpa Osea wakili, binti mdogo kutoka Tanga, anaitwa Raudha. Alinifuata mpaka Hasamba kwa bodaboda, vumbi limemjaa kwenye ushungi.

"Mama, nimesoma maelezo yake ya polisi," akasema. "Huyu ndugu yako alikuwa anaumwa?"

"Alikuwa na hasira tu."

"Mama, nakuomba. Nikimuuliza yeye anajibu kwamba dada ndiye anayejua. Sheria inaruhusu nimwombe jaji ampeleke kwa madaktari. Lakini nikisimama na maneno matupu, bila hata ndugu mmoja, nitasikilizwa na nani?"

"Nimeshakujibu, mwanangu. Kunywa uji uende, mvua inakuja."

Hakunywa.

Mahakama Kuu ikaja kukaa Vwawa. Wakati ule kesi za mauaji jaji alikuwa anakaa na wazee wa baraza, raia watatu wa kawaida wa kumsaidia kwa maoni, na wao walikuwa wanaruhusiwa kuuliza maswali. Osea alisimama kizimbani ametulia, amenyolewa, anajibu "ndiyo mheshimiwa", "hapana mheshimiwa". Ugonjwa ule una tabia hiyo, unaondoka wenyewe kwa muda na kumwacha mtu peke yake ajibu. Mimi niliitwa kama shahidi wa upande wetu. Nikasema waligombana kwa sababu ya mashine. Nilidhani nimemaliza.

Ndipo yule mama mzee wa baraza akainua kidole. Mnyiha mwenzangu, nilimjua kwa namna alivyotamka, mtu mzima mwenye khanga mabegani. Hakuuliza kama mtu wa mahakama. Aliuliza kama wanavyouliza wakwe.

"Mama, katika ukoo wenu kuna ugonjwa wa akili?"

Nyuma yangu, benchi la tatu, alikuwa amekaa Conjesta. Alikuja kunifariji, mkwe mwema, na maandazi kwenye kikapu. Edina alikuwa na mimba ya miezi minne. Nilimtazama Osea. Alikuwa ananitazama bila hofu yoyote, ananingoja mimi dada yake niseme.

"Hakuna," nikasema.

Yule mama akashusha kidole.

Jaji alisoma hukumu siku ya nne, kwa Kiingereza, maana ndiyo ilikuwa lugha yao wakati ule. Alisoma karibu saa nzima. Mimi nilikuwa nahesabu miaka kichwani: saba, minane, labda kumi. Karani alipotafsiri sikumwelewa, nikafikiri Kiswahili chake kibovu. Kosa la mauaji. Mshtakiwa alikuwa na akili timamu, ndugu yake wa damu amethibitisha. Adhabu kwa sheria ni moja tu, kunyongwa hadi kufa.

Baba mdogo Mika alitoka nje. Mimi sikutoka. Nilisikia askari anamwambia Osea, "Geuka twende," na Osea akageuka, akapunga mkono kwangu kama mtu anayekwenda shambani.

Siku ya tatu nilipanda basi kwenda Mbeya, kadi ile nimeifunga kwenye kitambaa kifuani. Nilimkuta Raudha ofisini, nikaiweka mezani mbele yake. Akaifungua. Ilikuwa na mihuri ya miaka minane, mwezi kwa mwezi, na baada ya Aprili 2015 miraba mitupu.

Nilitegemea atafurahi. Yule binti aliinuka, akanifungulia mlango kama anayenifukuza, akaufunga, akakaa tena. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa hasira.

"Mama, ulikuwa nayo siku ile nilipokuja?"

"Nilikuwa nayo."

"Siku ile ulipokuwa unanipa uji?"

"Nilikuwa nayo, mwanangu. Nitukane ukitaka."

Hakunitukana. Alichukua karatasi akaanza kuandika rufani, na wiki hiyo hiyo akapeleka nakala ya kadi gerezani. Huko walimwanzishia Osea sindano ndani ya mwezi. Kwa hiyo mdogo wangu alipata akili zake zote akiwa kwenye chumba cha watu wanaongoja kitanzi. Hebu fikirieni hilo. Tulimpa uzima mahali ambapo ugonjwa ungemfaa zaidi.

Miaka mitatu tulingoja. Nilimtembelea kila nilipoweza. Hakuwahi kuniuliza kwa nini. Aliniuliza habari za mibuni, aliniuliza kama mke wa Mzee Jastin amepata mtu wa kumvunia.

Mwaka 2020 majaji watatu wa Mahakama ya Rufani wakasoma uamuzi wao Mbeya. Raudha alinitafsiria polepole, ameshika mkono wangu. Majaji walisema kwamba maelezo yale ya polisi peke yake, ya mtu anayesikia sauti ya maiti kwenye mashine, yalitosha kuisimamisha kesi. Walisema kuuliza kuhusu afya ya akili ya mshtakiwa si hisani, mahakama haingoji ndugu waseme, wala wakili aombe. Ikiona dalili impeleke kwa madaktari kwanza. Hukumu ikafutwa. Kesi irudi Vwawa, ianze pale ilipopaswa kusimama.

Raudha aliniambia uamuzi ule utasomwa na mawakili wengine, na kuna watu huko magerezani ambao utawasaidia. Nilimwambia nashukuru. Moyoni nilikuwa nafikiri kwamba majaji wamesema mahakama haipaswi kutegemea ndugu, na ndugu mwenyewe ni mimi.

Osea akapelekwa Dodoma kuchunguzwa, ripoti ikaja, na mwaka 2022 tukakaa tena Vwawa. Safari hii kesi iliendeshwa kwa Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho, na mimi ningetoa chochote iwe Kiingereza. Nilipanda kizimbani nikasema yote: benchi la kando ya uzio, maandazi, miraba mitupu. Nilisema "mimi ndiye niliyemkataza" kwa sauti mpaka karani akaniomba nipunguze. Conjesta alikuwepo. Aliinuka katikati ya maneno yangu, akajifunga khanga vizuri, akatoka.

Nilipotoka nje, mjane wa Mzee Jastin alikuwa amesimama chini ya kivuli cha ukuta. Anaitwa Jenista. Tangu msiba hatukuwa tumesemeshana. Nilipiga magoti mbele ya watu wote, akaniinua.

"Sikuja kugombana, Miriamu," akasema. "Nataka kuuliza tu. Kama alikuwa anaumwa, kwa nini hamkutuambia? Mume wangu angebisha hodi kwa mbali. Angekaa naye. Alimpenda yule."

Akangoja kidogo, akaenda zake kutafuta gari la Hasamba.

Uamuzi wa jaji ulikuwa mfupi. Osea alitenda kitendo kile, lakini wakati anakitenda hakuwa na akili timamu. Kwa hiyo hana hatia. Awekwe hospitalini, atibiwe, mpaka itakapoonekana anaweza kurudi kwa watu. Dodoma, kule kule Baba mdogo alikosema harudi mtu.

Edina alirudishwa nyumbani wiki iliyofuata, na mtoto mmoja mkononi na mwingine mgongoni. Brayson alilia, lakini alimsindikiza. Mwanangu hajawahi kunilaumu kwa maneno. Ananilaumu kwa namna anavyofunga mlango. Hasamba hatukuweza kukaa. Kila tukipita watu wanashusha sauti. Nikaacha shamba kwa Baba mdogo, nikaja Tunduma, mahali ambapo kila mtu ametoka kwingine na hakuna anayemjua babu wa mwenzake. Nikaanza kuuza kapenta. Tukapumua.

Mwaka huu, mwezi wa tano, Ustawi wa Jamii wakanipigia simu. Madaktari wameandika kwamba Osea ana nafuu ya kudumu na anaweza kuishi nyumbani, mradi ndugu ajitokeze kumpokea na kusimamia dawa. Bila ndugu faili haliendi mbele. Nilipiga kelele sokoni mpaka watu wakadhani nimefiwa. Nilipaka chumba rangi. Nikanunua begi, mashati mawili, viatu. Safari ya Dodoma ni ndefu lakini sikusinzia hata kidogo.

Afisa ustawi, dada mmoja mwenye miwani anaitwa Mwajuma, alinipeleka bustanini. Osea alikuwa anafunga nyanya kwenye vijiti. Mvi zimemjaa, amenenepa.

"Dada, umezeeka," akasema.

"Na wewe umenenepa kama mchungaji!"

Tukacheka, halafu tukalia, halafu tukacheka tena. Nilimshika uso wake wote. Tukakaa kwenye benchi, Mwajuma na karatasi zake upande mmoja, mimi na begi upande mwingine. Nikaanza kumweleza. Chumba kina dirisha. Wajukuu wamejifunza jina lake. Jirani yangu ana kiwanja kidogo anaweza kulima mboga.

"Majirani umewaambia narudi?" akauliza.

"Wote wanajua. Wanakungoja."

"Umewaambia narudi kutoka wapi?"

"Ndola," nikasema. "Nimesema ulikuwa kazini Ndola, ng'ambo ya mpaka. Tunduma kila mtu ana ndugu upande wa pili, hawataulizauliza."

"Na sindano?"

"Mbeya! Tutapanda basi mara moja kwa mwezi, wewe na mimi. Kule hatujulikani. Tukiulizwa tutasema tunafuata mzigo."

Niliyasema hayo kwa furaha. Naapa, nilidhani nimefikiria kila kitu. Nilimwona Mwajuma anashusha macho kwenye karatasi, bado sikuelewa. Osea alikuwa anajifuta udongo mikononi, kidole kimoja baada ya kingine.

"Na siku nitakapoanza kusikia," akasema, "nitamwambia nani?"

"Utaniambia mimi."

"Nilikuambia."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningeweza kumjibu, mimi ukali naujua. Aliniambia kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichosahau.

"Hapa kila mtu anajua mimi ni nani na nilifanya nini," akasema. "Anayelala kitanda cha pili anajua. Nikisikia sauti, napiga ukelele, watu wanakuja mbio. Huko kwako mtu wa Ndola atapigaje ukelele? Na wale watoto wa Edina wanacheza nyuma ya nyumba. Mzee Jastin nilimuua mimi, dada. Jaji amesema sina hatia, na mimi namshukuru jaji. Lakini kichwa chake nakikumbuka."

"Nitawaambia ukweli," nikasema. "Nikifika tu. Nitapita mlango kwa mlango, Osea, unanijua."

"Nakujua. Ukisema, Edina atahama tena na watoto. Ulisema kule Vwawa na ona alivyorudishwa. Usimfukuzishe mara mbili kwa ajili yangu."

Nilitaka kubisha. Nilitafuta neno nikazunguka kila kona, na kila neno lilikuwa linamuumiza mmoja kati yao wawili. Osea akanipapasa mgongoni, pole pole, vile mama alivyokuwa anafanya.

Mwajuma akakohoa. "Osea, nahitaji kujaza hapa. Ndugu wa kumpokea, niandike nani?"

"Andika hakuna."

"Lakini dada yako huyu hapa."

"Andika hakuna aliyejitokeza," akasema. "Yeye amekuja kunisalimia tu. Akija tena, nitamvunia nyanya."

Mwajuma alinitazama, kalamu imesimama, akiningoja nipinge. Sikupinga. Akaandika. Akasoma alichoandika kwa sauti, mara moja, kama utaratibu unavyotaka. Kisha akageuza karatasi upande wangu, akanionyesha mahali pa shahidi, na mimi nikatia sahihi.